Kwa nini mwanariadha wa Nyeri hana haja ya kuikimbia ngano

DHANA kwamba mwanariadha wa mbio za masafa marefu hana budi kuacha ngano ili aimarike imeenea duniani katika muda wa miaka 15 hivi iliyopita. Katika miji ya Nyeri, Karatina, Nanyuki na Nyahururu, dhana hiyo inastahili kupimwa kwa makini zaidi kuliko kwingineko, kwa kuwa eneo la Mlima Kenya limelea mabingwa wa dunia kwa vyakula ambavyo, kwa sehemu kubwa, havina ngano.

Kinacholaumiwa ni gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati unate na kuvutika, na mkate uumuke. Mahindi, mchele, wimbi, mtama, viazi, nduma na maharagwe havina protini hiyo.

Waliovumisha habari hizi ni wanamichezo mashuhuri. Mserbia Novak Djokovic aliacha gluteni mwaka wa 2010, na mwaka uliofuata akatwaa mataji matatu makuu ya tenisi, likiwemo la Wimbledon. Baadhi ya waendeshaji baiskeli nao waliiacha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, uliowahoji wanamichezo 910, ulibaini kuwa asilimia 41 waliepuka gluteni kwa nusu ya muda wao au zaidi. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa wamejiamulia wenyewe kwamba inawadhuru, bila kupimwa na daktari.

Chakula cha mlimani

Mtu anayeutazama mlo wa jadi wa Nyeri anaweza kudhani kuwa wenyeji waliijua siri hiyo kabla ya ulimwengu. Githeri ni mahindi na maharagwe. Mukimo ni viazi, mahindi na mboga za majani. Kuna nduma za mabondeni, viazi vitamu, njahi na uji wa wimbi, na chini ya mlima upande wa kusini kuna mchele wa Mwea. Ngano hustawi katika mashamba makubwa ya Timau, lakini ilikuja na walowezi, na hadi leo Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje.

Orodha ya mabingwa nayo ni ndefu. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, alishinda mbio za Boston mara nne, akaweka rekodi ya dunia ya marathon ya saa 2:18:47 mjini Chicago mwaka wa 2001, na kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 2003 na 2007. Charles Kamathi, pia wa Nyeri, alinyakua dhahabu ya mita 10,000 mjini Edmonton mwaka wa 2001. Nyahururu ilimtoa Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kushinda marathon ya Olimpiki, mjini Beijing mwaka wa 2008.

Hata hivyo, kuunganisha ushindi huo na ukosefu wa gluteni ni kukosea njia. Mtu ambaye Kamathi alimshinda pale Edmonton ni Haile Gebrselassie, ambaye hakuwa ameshindwa katika mita 10,000 kwa miaka minane. Gebrselassie ni mzaliwa wa Arsi nchini Ethiopia, eneo linalosifika kwa ngano na shayiri. Ni katika eneo hilo hilo ulipo mji mdogo wa Bekoji, ulikotoka Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba. Kama gluteni ingekuwa pingu miguuni mwa mkimbiaji, Arsi isingekuwa na medali hata moja.

Kinachomwendesha mkimbiaji

Watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha mwaka wa 2004 matokeo ya uchunguzi wa mlo wa wanariadha 10 wa hali ya juu kambini katika Bonde la Ufa. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, zaidi ya gramu 600 kwa siku kwa mtu wa wastani wa kilo 58. Ugali uliongoza, ukifuatwa na sukari, hasa ya chai ya maziwa. Mkate haukukosekana mezani. Siri yao ilikuwa wanga wa kutosha, unaoliwa kila siku na unaopatikana kwa bei nafuu.

Utafiti mwingine wa mwaka wa 2015 uliwachukua waendeshaji baiskeli 13 wasio na ugonjwa wowote wa gluteni. Kwa juma moja walikula chakula chenye gluteni, na juma lingine kisicho nayo, bila kuambiwa ni lipi. Kasi yao haikubadilika, wala matatizo ya tumbo hayakutofautiana.

Mbona basi baadhi ya watu hupata nafuu wanapoacha ngano? Utafiti wa Norway wa mwaka wa 2018 uliwahusisha watu 59 walioamini kuwa gluteni inawadhuru. Kilichowasumbua zaidi kilikuwa fruktani, aina ya wanga iliyomo pia katika ngano na vitunguu, ambayo huchachuka matumboni na kuleta gesi. Maharagwe nayo yana wanga wenye tabia hiyo. Kwa hiyo githeri, ingawa haina gluteni hata chembe, inaweza kumtatiza mkimbiaji akiila usiku wa kuamkia mashindano. Ni heri ale wali, ugali au viazi, na githeri ingoje siku za mazoezi.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni njaa. Kijana wa Othaya au Mweiga anayeacha chapati, mkate na mandazi bila kuweka kitu kingine mahali pake hupoteza nishati anayoihitaji. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilionya mwaka wa 2014 kuhusu wanamichezo wanaokula pungufu ya kazi wanayofanya: mifupa hudhoofika, kinga ya mwili hushuka, na wasichana hukosa hedhi. Mikate isiyo na gluteni ya madukani, ambayo bei yake hupita mbali ile ya mkate wa kawaida, haimsaidii kijana anayehesabu nauli ya kwenda mazoezini.

Hatari ya pili ni kumdharau mgonjwa wa kweli. Upo ugonjwa uitwao siliaki, ambapo gluteni huufanya mwili ushambulie utando wa utumbo mwembamba. Duniani hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 100. Mgonjwa hushindwa kufyonza madini ya chuma, akapungukiwa na damu, akakonda na kuchoka upesi. Kwa mkimbiaji, dalili hizo hudhaniwa kuwa uchovu wa mazoezi au uvivu.

Hapo ndipo fasheni inapoweza kudhuru. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazozalishwa wakati mgonjwa angali anakula gluteni. Anayeacha ngano kwanza na kwenda hospitalini baadaye anaweza kuambiwa kuwa ni mzima ilhali ni mgonjwa. Kupimwa kunapaswa kutangulia.

Atakayethibitishwa kuwa na siliaki ataacha gluteni maisha yake yote, na kwake mlo wa mlimani ni hazina. Lakini awe mwangalifu na mashine za kusaga sokoni, ambako wimbi huweza kusagwa pale pale iliposagwa ngano. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 tu kwa kilo, na vumbi la unga linatosha kukivuka. Asagishe nafaka yake katika mashine isiyogusa ngano.

Kwa walio wazima, makocha na walimu wa michezo wana jukumu rahisi zaidi: kuhakikisha kwamba kijana anayeamka alfajiri kukimbia anarudi nyumbani na kukuta sufuria ina chakula cha kumshibisha. Iwapo pembeni pana chapati, aile bila hofu.