KAZI YA MIKONO: Uliza gazi kwanza, posti baadaye

Ndugu msomaji, na zaidi wewe kijana unayefungua garaji ndogo kule Mubi ao Rubaya, leo tuzungumze juu ya posti ya TIG. Njia zetu unazijua. Matope na mashimo yanavunja pikipiki na Fuso kila siku, kwa hiyo kazi ya kusudea haikosekani. Lakini feza ya kununua posti ni jasho la miezi mingi ndani ya shimo, ao ni ngombe ya baba. Ukikosea, jamaa yote inaumia.

TIG inafanya namna gani? Ncha ya wolframu inatoa moto bila kuyeyuka yenyewe, maana wolframu inaomba digri 3422 ili iyeyuke. Gazi ya argon inafunika mahali pa moto, hewa isiharibu chuma. Mkono wa pili unaongeza waya pole pole. Na wolframu ni moja ya madini yanayochimbwa hapa kwetu Kivu!

Uzuri wake unauona kwenye tole nyembamba ya karoseri na bomba la moshi. Tole ya milimita 1 inaomba amperi 30 hadi 40 tu. Lakini chuma kiwe safi kabisa: rangi, kutu na mafuta vyote vitoke. Kwa shasi nene ya kamio, bageti inatosha.

Sasa tupige hesabu ya gazi. Chupa ya lita 10 iliyojazwa bari 150 inatoa argon lita 1500. Ukitumia lita 7 kwa dakika, moto utawaka saa tatu na nusu tu, kisha chupa irudi kujazwa. Nani ataijaza? Kwa bei gani, pamoja na gari la kuipeleka? Na njia ikifungwa? Usipokuwa na jibu, usinunue TIG bado.

Shauri letu ni hili: nunua kwanza posti ndogo ya inveta, ya kuran moja kwa moja (DC), amperi 160 hadi 200, inayosudea na bageti. Itakulisha tangu siku ya kwanza. Kwa bageti ya milimita 2,5, gurupe ya kVA 5 inaiweza. Siku argon ikipatikana, ongeza torshi yenye robine ya mkono, manometa na chupa. Torshi ifungwe upande wa kutoa (–). Ukiifunga upande wa kujumlisha, ncha itaharibika mara moja. Posti ya AC ni bei kali, na kazi yake kubwa ni aliminiyo, kama karteri ya moteri. Usiilipie kama kazi hiyo haiji kwako.

Tena, usisahau haya:
– Miwani ya jua si maski. Tumia kioo cha giza namba 10 ao 11. Watoto wanaosimama kutazama, uwafukuze kwa upole. Macho yao yanachomeka sawasawa na yako.
– Toa waya za betri mbele ya kusudea gari.
– Tangi ya esansi, hata tupu, inaweza kulipuka. Iache.
– Argon haina harufu, na inafukuza hewa. Chupa isilale ndani ya nyumba munamolala.
– Kipande cha direksio ao cha freni kikivunjika, usikisudee. Mwenyeji anunue kingine. Atakasirika, atakuita mwoga. Vumilia. Mbele ya mlima, nyuma ya pikipiki ile, kutaketi mama na mtoto mgongoni.

Posti kubwa haifanyi fundi. Anza na ile unayoweza kuilisha kuran na gazi, nayo itakulisha wewe na jamaa yako.