Bisibisi Thelathini za Bure

Wapo wanaoamini kwamba bisibisi ndogo za bei nafuu ni zile zinazouzwa kwa seti, vipande thelathini ndani ya kisanduku cha plastiki. Napinga. Wingi si akiba. Fundi wa simu hahitaji vipande thelathini. Skrubu nyingi za nyota ndani ya simu humtaka awe na saizi PH00 na PH000 tu. Anayefungua iPhone ataongeza ile ya pembe tano, P2. Bisibisi bapa moja nyembamba nayo itamfaa.

Ubaya wa seti hizo ni chuma chake. Ncha laini huliwa upesi, huteleza, na kuichuna skrubu mpaka nyota inageuka shimo la duara. Hapo simu nzima yaweza kuharibika kwa ajili ya akiba ya shilingi elfu chache.

Linaloniudhi zaidi ni lawama. Kijana anayejifunza ufundi huambiwa ana mkono mzito. Nimewafundisha walimu miaka mingi, nami nasema: mwanafunzi aliyepewa chombo kibovu hujiona mjinga, na wengine huacha kazi kabla hawajaianza.

Basi, ndugu mzazi, nunua nne za chuma kigumu, kama S2. Usiamini maandishi peke yake. Ijaribu ncha kwenye skrubu dukani. Ikicheza, irudishe. Ikijaa na kutulia, lipa. Hiyo ndiyo rahisi.