Uchaguzi wa Masomo ya Chuo Kikuu: Jina la Shahada Halitoshi

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wa Tanzania hutakiwa kufanya uamuzi mzito katika muda wa wiki chache. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia huambiwa na jamaa zake kwamba njia yake ni moja tu, nayo ni udaktari. Aliyesoma Hisabati huelekezwa kwenye uhandisi. Anayekosa nafasi hizo hujiona ameshindwa, akachukua kozi yoyote iliyobaki, mradi aitwe mwanachuo.

Desturi hii ina hasara. Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Ya uhandisi huchukua minne. Aidha, mhitimu aliyesomeshwa kwa mkopo wa Serikali, akishaajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Ni jambo la kusikitisha kijana alipie kwa miaka mingi elimu aliyoichagua bila kuijua.

Kosa lililo kubwa ni kuchagua cheo badala ya kuchagua kazi. Jina la shahada halisemi mhitimu atakavyoshinda siku yake. Mwanajiolojia hutembea juani na nyundo mkononi, akipima mwinamo wa tabaka za miamba, kisha huketi akichunguza vipande vyembamba vya mawe kwa hadubini. Mkemia hupima, hupima tena, na pengine hurudia jaribio lile lile mara kumi kabla hajathubutu kutamka neno. Daktari wa mifugo huitwa usiku ng'ombe anaposhindwa kuzaa, na alfajiri huenda machinjioni kukagua nyama. Mtakwimu hutafuta kosa moja lililojificha katika safu ndefu za tarakimu. Kwa mtu mmoja kazi hizo ni adhabu. Kwa mwingine ni raha. Alama za mtihani huonyesha kwamba kijana aweza kuisoma fani fulani. Hazionyeshi kama ataipenda kwa miaka 30.

Wapo watakaosema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mtu anayetafuta visingizio vya kutolima. Haimkatazi mkulima kuujua udongo wake kabla ya kuamua atapanda mpunga au mtama.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na wasichana ndio walioumia zaidi, hata masharti yakalegezwa kwao, baadaye uliachwa. Hapana haja ya kuurudisha. Lakini ulikuwa na faida moja isiyofaa kusahauliwa: mwombaji alifika chuoni akiwa amekwisha kuona kazi inavyofanywa.

Faida hiyo yaweza kupatikana leo kwa gharama ndogo. Likizo moja ya kidato cha tano yatosha kumpeleka mwanafunzi katika maabara ya hospitali ya wilaya, ofisi ya mifugo, kituo cha hali ya hewa au karakana, akae siku tatu akitazama na kuuliza. Aulize wahusika wanafanya nini tangu asubuhi hata jioni, na ni sehemu gani ya kazi inayowachosha. Kisha asome mtaala wa kozi anayoitaka, hasa masomo ya mwaka wa kwanza. Wengi hushangaa kukuta kwamba shahada ya kilimo yadai kemia na takwimu nyingi kuliko jembe.

Walimu wakuu na ofisi za wilaya waweza kupanga ziara hizo bila kungoja waraka kutoka juu. Wazazi nao wajibu wao ni kuuliza kijana wao ameona nini huko, kabla ya kumwambia wanataka aitweje.