Rangi Mpya, Chasisi Iliyooza



Huku milima ya Buha, kutoka Kibondo hadi Kasulu, Land Rover 109 bado ina heshima yake. Wengi wetu tulipanda nyuma yake kwenda hospitali, mnadani na mazishini, enzi barabara ikiwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Ndiyo maana mtu akiifufua moja, akaifunga injini upya na kuipuliza rangi, wanunuzi hawakawii kubisha hodi.

Lakini gari hili lina siri. Land Rover ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Chasisi ni ya chuma, nayo huoza polepole kutokea ndani. Ukichomelea kiraka cha bati na kupaka rangi nyeusi juu yake, gari litang'aa huku mifupa yake imekwisha.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akiuza la kwake, bila dalali, kwa kijana aliyekopa ili abebe abiria na mahindi. Fedha hizo zilikuwa ada ya mjukuu. Fundi akamnong'oneza: "Mzee, habari za chasisi nyamaza. Ana macho, akague mwenyewe."

Usiku ule mzee hakulala. Asubuhi akamwita kijana, wakaingia wote wawili chini ya gari, akagonga kwa nyundo mpaka kutu ikadondoka. Bei ikashuka, na ada ikapungua. Kijana alinunua, akapitia kwanza kwa fundi kabla ya kupakia mtu yeyote.

Wapo waliomcheka mzee. Mimi nasema alifanya lililo haki. "Akague mwenyewe" si utetezi mbele za Mungu. Mithali 11:1 inatuonyesha jinsi Bwana anavyochukia mizani iliyochezewa, na ukimya wa anayejua ni mizani ya namna hiyo. Chasisi ikikatika mlimani, anayelipa ni mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, ambaye hakuwepo kwenye mapatano.

Mnunuzi naye asijihesabie haki. Mithali 20:14 inamtaja anayeponda mali ya mwenzake, kisha akiondoka anajisifu. Na huyo tunasali naye.

Ibrahimu alipolinunua pango la Makpela, Mwanzo 23, alipima shekeli 400 mbele ya watu langoni pa mji. Nasi tuandikiane mkataba mbele ya mashahidi, kisha tubadilishe jina TRA, ili aliyeuza asije akadaiwa faini za barabarani za makosa asiyoyatenda.

Ndugu yangu, kama wiki hii una kitu cha kuuza, taja kasoro kwanza, ndipo utaje bei.

Jumapili njema.