Njia za Baisikeli Katika Vilima vya Rabai na Ribe

Anayetoka Mombasa kwenda Mazeras kwa baisikeli kwa kawaida hushika barabara kuu iendayo Nairobi, na hapana mtu aliyeipita njia hiyo asubuhi ya siku ya kazi akaisahau. Malori yaendayo bandarini na yatokayo hufuatana moja nyuma ya jingine. Lori kubwa likimpita mwenye baisikeli, upepo wake humsukuma kwanza kuelekea nje, kisha humvuta ndani, upande wa magurudumu ya nyuma. Asiye na mzigo huweza kujizuia. Mwenye gunia la nazi kwenye keria, au madumu mawili ya tembo ubavuni, kazi yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa mzigo huendelea kuyumba baada ya yeye mwenyewe kwisha kutulia. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imechukua sehemu ya shehena, lakini malori hayakuondoka, na ukingo wa lami umebaki kuwa mahali pabaya pa kujifunzia subira.

Hata hivyo, mwenye haja ya kwenda Rabai, Ribe, Kambe au Jibana, akisha kufika Mazeras, halazimiki kuendelea kushindana na magari. Upande wa kaskazini huanza mgongo wa vilima ambao watu wa ufukoni huuona kutoka mbali kama ukuta nyuma ya uwanda wa bahari. Ni safu ile ile ambayo kusini yake ni vilima vya Shimba huko Kwale, na kaskazini yake ni Mlima Mwangea. Si milima ya kutisha, kwani sehemu nyingi hazifiki mita 300 juu ya bahari. Kinachomchosha mtu si urefu wake bali idadi ya mara anazopanda na kushuka kabla ya adhuhuri.

Barabara ya magari itokayo Mazeras hadi Kaloleni, ambayo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 20, nayo ina matatu na pikipiki zake. Lakini kando yake, chini ya minazi, miembe na mikorosho, zipo njia nyembamba zitokazo mji hadi mji na shamba hadi shamba, ambazo gari haliwezi kuzipita wala halina sababu ya kuzipita. Hizo ndizo njia za mwenye baisikeli. Mtu aweza kunyonga nusu saa asikutane na chombo kingine ila baisikeli ya mgema ashukaye na tembo lake, na hapo adabu yataka asiye na mzigo ateremke na kumpisha mwenye mzigo.

Njia hizo hazikuchorwa na mhandisi. Zilikanyagwa na miguu ya watu waliokwenda kutoka kaya moja hadi nyingine wakiwa na mizigo kichwani. Kwa hiyo njia hushika mgongo wa kilima kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, huzunguka vichwa vya mabonde badala ya kuyakata, na hushuka mara moja tu, pale penye maji au kivuko. Mwenye mzigo kichwani na mwenye mzigo kwenye keria wana haja moja: wote wawili hawapendi kuupoteza bure urefu walioununua kwa jasho. Ndiyo sababu njia ya mguu ya zamani mara nyingi huwa njema kwa baisikeli kuliko barabara mpya iliyokatwa kwa tingatinga, ambayo huona kilima mbele yake ikakipanda moja kwa moja.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walizikuta zipo. Dakt. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann walianza misheni yao Rabai. Ni kutoka hapo Rebmann aliposafiri mwaka 1848 pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei mwaka huo akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wamethodisti walifungua kituo chao Ribe mwaka 1862. Msomaji akienda leo kutoka nyumba ya makumbusho ya Rabai kuelekea Ribe, huenda akaambiwa kwamba anafuata njia ya wamisionari. Jambo hilo ni kweli kwa upande mmoja tu, kwa maana wamisionari nao walifuata njia ya Warabai na Waribe.

Jambo la kwanza la kutazama katika safari hii ni udongo, kwani ndio unaoamua kama siku itakuwa njema. Karibu na Mazeras mwamba ni wa mchanga, ule unaopasuliwa vipande bapa vya kutandikia nyua na sakafu. Udongo wake ni mwepesi, na wakati wa kiangazi gurudumu la mbele huzama na kugeuka ghafula. Mwenye baisikeli aliye mtupu aweza kupunguza upepo kidogo katika tairi, naye ataona nafuu. Mwenye mzigo asithubutu, maana tyubu itabanwa na rimu kwenye jiwe la kwanza na kupasuka mahali pawili. Yeye na ateremke akokote hatua chache.

Kuelekea Ribe na Kambe mambo hubadilika. Hapo hutokea mawe ya chokaa, magumu na yenye kingo kali, ambayo hukata tairi kuukuu. Mahali pengine ni udongo wa mfinyanzi, ambao mvua za mwaka zikinyesha hujaza madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Wakati huo hakuna nguvu ya miguu itakayosaidia. Kinachosaidia ni kijiti cha kukwangulia, na bora zaidi ni kungoja siku mbili jua liwake. Watu wa huko huziacha njia za mfinyanzi tangu mwezi wa Aprili na kushika zile za mchanga, ambazo mvua huzigandamiza zikawa ngumu. Mgeni asiyeuliza atafanya kinyume.

Baada ya udongo ni upepo. Kusi ikivuma, mtu atokaye Mazeras kwenda Kaloleni husukumwa mgongoni au ubavuni, naye hudhani nguvu zake zimeongezeka, hata akageuka jioni kurudi. Wakati wa kaskazi mambo ni kinyume. Kwa hiyo mwenye kwenda kununua nazi, ambaye mzigo wake huwa katika kurudi, afadhali aondoke mapema sana katika miezi ya kusi, arudi kabla upepo haujapata nguvu za alasiri.

Sasa kuhusu chombo chenyewe. Baisikeli ya vilima hivi bado ni ile kubwa nyeusi, iitwayo Black Mamba nchini Kenya, yenye gia moja na breki za vyuma vinavyovuta mipira miwili juu ya rimu. Ni chombo kizito, lakini huvumilia mzigo, na fundi wa kila soko ajua kukitengeneza. Udhaifu wake mkubwa u katika kushuka. Rimu ikiwa na umande au matope, mipira ya breki huteleza kwanza kabla ya kushika, na nafasi hiyo ndogo yatosha kumtupa mtu bondeni. Basi kabla ya mteremko breki zijaribiwe palipo tambarare, zibanwe mara mbili tatu mpaka maji yakauke. Tena ni desturi mbaya ya vijana kuondoa breki ya mbele wakidai kwamba hupindua. Breki ya mbele hupindua ikibanwa peke yake na kwa ghafula. Zikibanwa zote mbili kwa kiasi, ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi.

Mzigo ukizidi uzito wa mtu mzima, mteremko mkali hauendeshwi, hukokotwa. Hapana aibu katika jambo hili. Wagema wa Kaloleni, ambao hapana mtu anayewashinda kwa kazi hiyo, huteremka kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani na breki, mwingine umeshika kiti kwa nyuma. Kukokota huchukua dakika kumi zaidi. Kuanguka huchukua mzigo wote.

Mahali pengine njia hupita ukingoni mwa msitu mzito uliozungukwa na mashamba. Hiyo ni kaya. Misitu ya kaya za Wamijikenda, zikiwamo za Rabai, Ribe, Kambe na Jibana, iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, lakini heshima yake ni ya kale kuliko maandishi hayo. Mpita njia hazuiwi kupita kandoni. Kuingia ndani bila ruhusa ya wazee, kukata hata kijiti cha kukwangulia matope, au kuitumia kaya kuwa njia ya mkato, ni makosa. Njia ikionekana kuingia msituni, mtu na arudi aulize nyumba iliyo karibu.

Lakini kuna jambo ambalo laweza kuzimaliza njia hizi kwa haraka kuliko mvua. Mashamba yanapopimwa na kuuzwa, mnunuzi mpya huweka seng'enge, na njia iliyopitwa na babu za watu huishia katika mti wa ua. Wenye baisikeli huzunguka, huzunguka tena, na mwisho hujikuta wamerudi kwenye barabara ya magari, ambako mtoto apelekaye maziwa hospitalini au sokoni hupita ubavuni mwa matatu. Wengi hunyamaza wakidhani kwamba mwenye hati ana haki yote. Sivyo. Fungu la 28 la Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 lataja haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi ilipoandikishwa mara ya kwanza, kuwa miongoni mwa haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa katika daftari.

Shida iko katika kuonyesha kwamba njia ilikuwapo. Wazee walioitumia wafaa kutajwa wakiwa hai, na maelezo yao yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya chifu. Mahali ambapo ardhi bado haijapimwa chini ya Sheria ya mwaka 1968, yaani ile ya kuamua haki za ardhi, kazi ni rahisi zaidi: siku ya kuonyesha mipaka, watumiaji wa njia wahudhurie pamoja na wenye mashamba, waombe njia itengwe kwenye ramani. Wasiombe barabara, maana barabara humtisha mwenye shamba dogo, tena italeta magari yale yale yanayokimbiwa. Waombe upana wa kupitisha baisikeli yenye magunia mawili ubavuni na mtu anayeikokota kando yake. Mita mbili zatosha.