Jeli Haina Somo Lake

Kila mwanafunzi wa sekondari ajua kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kiowevu na gesi. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini akiuangalia mlo wa nyumbani kwao ataona mlenda, ute wa bamia na uji mzito, vitu visivyoingia kwa urahisi katika safu yoyote ya hizo tatu. Aviandike wapi katika daftari lake? Aghalabu haviandiki popote, kwa kuwa haulizwi. Nia ya makala hii ni kudai kwamba aulizwe, na kwamba kitu kimoja kidogo sana, yaani mikrojeli, chafaa kuwa mfano wa kumfunulia jambo hili.

Polima ni molekuli ndefu mithili ya uzi. Nyuzi hizo zikiunganishwa hapa na pale kwa vifungo vya kikemia, hupatikana wavu. Na wavu huo ukinywa maji pasipo kuyeyuka, huwa jeli. Punje ya jeli iliyo ndogo hata isionekane kwa macho, aghalabu isiyozidi sana sehemu moja ya elfu ya milimita, ndiyo mikrojeli. Punje kama hizo zikitiwa majini huelea zimetawanyika kila mahali.

Zilizochunguzwa sana ni zile za poli-N-isopropilakrilamaidi, ambazo Pelton na Chibante walizieleza mwaka 1986. Twajua kwamba vitu vingi vikipata moto hutanuka. Punje hizi hutenda kinyume. Katika maji baridi huwa zimevimba, na joto lipitapo digrii 32 hivi za Sentigredi hunywea. Sababu ni kwamba katika ubaridi molekuli za maji hushikamana na polima kwa vifungo vya haidrojeni. Joto likizidi, maji huachana nayo, na sehemu zake zisizopenda maji hukumbatiana zenyewe kwa zenyewe. Kipenyo kikipungua kwa nusu, ujazo hubaki sehemu moja tu ya nane. Maji yakipoa, punje huvimba tena.

Badiliko hilo huathiri pia mwendo. Mwaka 1827 Robert Brown aliona kwa hadubini chembe zilizotoka katika chavua zikicheza majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba zinachezeshwa na molekuli za maji zinazozigonga kutoka kila upande, na kwamba chembe iliyo kubwa husambaa polepole kuliko iliyo ndogo. Basi mikrojeli inywepo hadi nusu ya kipenyo chake, husambaa kwa wepesi usiopungua mara mbili ya ule wa kwanza. Zikiwa nyingi na zimevimba, hubanana hata mchanganyiko wote ukakataa kutiririka, kama uji uliopoa. Zikipashwa moto zikanywea, maadamu hazigandamani, nafasi hupatikana na mchanganyiko hutiririka.

Sasa nauliza: hili ni somo gani? Osmosisi hufundishwa katika biolojia, vifungo katika kemia, na mwendo wa Brown katika fizikia. Jeli yavihitaji vyote hivyo, na kwa hiyo haina somo lake. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu wanaoweza kukariri maana ya osmosisi bila kukosea neno, lakini wakionyeshwa jeli inayovimba wasiitambue osmosisi iliyo mbele yao. Akili zao hazina kasoro. Tumewagawia elimu katika vyumba vitatu na hatukuwaonyesha milango iliyo kati yake.

Walimu watanijibu kwamba muhtasari umejaa na maabara ni tupu. Hoja yao ina uzito, lakini jaribio la kutosha halihitaji maabara. Chukua nepi ya mtoto, mpya, ya kutupwa; ichane kwa uangalifu bila kuvuta vumbi lake, ukung'ute punje nyeupe zilizomo. Zigawe katika bilauri mbili, utie maji kidogo kidogo mpaka zivimbe. Kisha tia chumvi katika bilauri moja ukoroge: jeli italegea na kutoa maji, na ile ya pili itabaki ilivyo. Punje hizi zina ioni nyingi ndani yake, nazo huvuta maji; chumvi ya nje hupunguza tofauti hiyo. Zisimwagwe katika bomba, kwani huziba.

Kisha wape wanafunzi hesabu. Tanaka na Fillmore walionyesha mwaka 1979 kwamba muda wa jeli kuvimba hufuata mraba wa ukubwa wake. Ikiwa punje ya milimita moja huchukua dakika kadhaa, iliyo ndogo mara elfu itavimba kwa wepesi mara milioni. Hapo watafahamu kwa nini wataalamu hupenda jeli ndogo.

Jambo hili si la anasa. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Sehemu kubwa ya mwani huo huuzwa nchi za nje ukiwa mkavu, ili itolewe karajinani, polima ya jamii ya sukari ifanyayo jeli na kutumika katika vyakula na dawa za meno. Mtoto wa mkulima huyo aweza kumaliza kidato cha nne asijue mwani wa mama yake unanunuliwa kwa sababu gani. Asiyejua thamani ya kitu hawezi kukitengeneza. Atabaki kukianika na kukipima kwa kilo.

Napendekeza, basi, kwamba walimu wa fizikia, kemia na biolojia waketi pamoja na kutenga kipindi kimoja kila muhula kwa kitu kimoja kisicho na somo lake. Waanze na jeli. Watunga mitihani nao watoe swali moja tu juu yake, nami sina shaka kwamba muhtasari utapata nafasi.