Mgeni wa Siku Mbili

Imekuwa ada siku hizi, kila ipitapo likizo, kusikia sifa za Nyanda za Juu Kusini kutoka kwa watu wa mwambao waliokwenda kupumzika huko. Husifu baridi ya Mbeya na ukungu wa Mufindi, na zaidi ya yote husifu nyumba za wageni zilizojengwa kandoni mwa mto Ruaha Mkuu, mkoani Iringa, ambako mtu huketi barazani Jumamosi na Jumapili akitazama tembo wakishuka mtoni. Wenye kalamu miongoni mwao hurudi na tungo. Humo mto huitwa tulizo la moyo, pori huitwa tupu, na ukimya huitwa wa tangu kuumbwa ulimwengu. Vina vimekaa na mizani imetimia, lakini mto unaosifiwa si ule uliopo.

Hapana aibu katika kupumzika. Mja aliyechoka ana haki ya kuuweka mzigo wake chini, na nyumba hizo zimewapa kazi wapishi, madereva na waongozaji wa njia. Lakini atakayeandika amejitwika ushahidi, na shahidi hasamehewi kwa kuwa alikuwa amestarehe.

Ama Ruaha haianzii barazani pa wageni. Jina lenyewe limetokana na neno la Kihehe. Maji yake hushuka kutoka safu za Kipengere na Poroto, upande wa Mbeya, kwa vijito kama Mbarali, Kimani na Chimala, yakaingia bonde la Usangu na kutuama katika kinamasi cha Ihefu. Mdomoni mwa kinamasi hicho, mahali paitwapo Ng'iriama, pana mwamba uliokaa kama kizingiti. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, hakuna kinachotoka. Yakipita, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na hatimaye Rufiji na bahari.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu ulipita hifadhini mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi, mara nyingine kwa wiki, mara nyingine kwa miezi. Viboko husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia, samaki hufa, na tembo huchimba mchanga kwa miguu na mikonga kutafuta maji. Na kiangazi hicho ndicho msimu mkuu wa wageni. Vitabu vya watalii huwashauri waje wakati huo, kwa kuwa wanyama hukusanyika palipo na maji na ni rahisi kuwaona. Kwa hiyo yule akaaye barazani akasifu wingi wa tembo ukingoni, anachokisifu, bila kujua, ni kiu yao.

Nani aliyeyachukua maji? Jawabu lililopendwa na wakubwa kwa muda mrefu lilikuwa ng'ombe. Mwaka 2006, ukame ulipoyashusha maji ya Mtera na mgao wa umeme ukaenea nchini, lawama ilishushwa juu ya wafugaji wa Usangu. Katika mwaka huo na ule wa 2007 waliondolewa bondeni, na wengi wakaswaga mifugo yao hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa kuimeza Ihefu, hifadhi ikapindukia kilomita za mraba 20,000, na mgogoro juu ya vijiji vya Mbarali vilivyojikuta ndani ya mipaka hiyo ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Ilhali wataalamu wa maji waliolichunguza bonde hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kiini cha ukavu ni mifereji ya mashamba ya mpunga, makubwa na madogo, inayoendelea kuteka maji hata wakati wa kiangazi. Ng'ombe wakaondoka, mto haukurudi. Ahadi nayo ilikuwapo: mwaka 2001, mjini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba Ruaha ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika, ukapita, na mchanga ukabaki mchanga.

Kisha yakaja mamilioni. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za kukuza utalii wa kusini, Ruaha ikiwamo. Mwezi Aprili 2024 fedha hizo zilisimamishwa, baada ya malalamiko ya wanavijiji juu ya kuhamishwa na kudhulumiwa, na kabla ya mwaka kwisha mradi ukafungwa.

Hapa ndipo mshairi anapohusika, kwa kuwa ugomvi huu umo ndani ya maneno. Aliyefika Ijumaa jioni kwa gari, akalipia kitanda, akaondoka Jumapili, huitwa mgeni. Aliyezaliwa Mbarali, akalima na kuzika wazee wake huko, huitwa mvamizi tangu siku ramani ilipochorwa upya. Lugha imegeuzwa kichwa chini, na utungo unaoliita bonde hilo pori tupu umesaidia kuigeuza. Amri ya kuhamisha watu huwa nyepesi pale ambapo tungo zimekwisha kuwaondoa.

Atatokea wa kuuliza: haya ya Usangu yanawahusu nini watu wa visiwani? Yanawahusu mezani na taani. Mchele wa Mbeya, usifiwao kwa harufu yake katika kila pilau ya harusi, sehemu yake hutoka katika mashamba hayo ya Mbarali. Na umeme wa Mtera na Kidatu huingia katika gridi ya taifa, ambayo ndiyo iletayo nuru Unguja kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba tangu 2010. Mzanzibari anakumbuka giza la mwaka 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, waya ulipoharibika. Basi asijidhani kuwa ni mtazamaji tu wa mto ule. Anaula na kusoma kwa mwanga wake.

Wala visiwa havihitaji kufundishwa maana ya ukingo kupewa mgeni na kunyimwa mwenyeji. Mwanamke wa Paje apandaye mwani anajua thamani ya pwani inapowekwa kitanda cha kuotea jua, na mvuvi wa Nungwi anajua ilivyo kuulizwa anakwenda wapi katika mchanga alioukanyaga tangu utotoni. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayelia kwa ajili ya ufukwe wake akifika Iringa huwa mtalii kamili, na macho yake hayaoni tena.

Itasemwa kwamba ushairi si taarifa ya wizara ya maji. Ni kweli. Lakini mashairi ya mwambao hayakuwa kamwe mapambo matupu. Yaliwasuta watawala na kutoa wasia, na msomaji wake hakuchoka kuulizwa maswali magumu. Mshairi awezaye kuhesabu mizani nane kwa nane anaweza pia kuhesabu miezi ambayo mto haukupita. Aende, apumzike, alale usingizi mzuri. Akiamka amuulize mpishi kwao ni wapi, na amuulize mwongozaji maji haya yaliishia wapi mwaka jana. Akishapata majibu hayo ndipo aandike, na neno mvamizi aliweke kando mpaka ajue nani alitangulia.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mapumziko ya mwisho wa juma yamepangwa kwa hesabu hiyohiyo, ili mgeni aondoke kabla ya siku ya jembe. Wengine na waondoke kwa amani. Mwenye kalamu anadaiwa siku ya tatu.